C imejaa, D iko tupu: Soma hii kabla hujasogeza ukuta wa diski yako

Unaujua ule mstari mwekundu. Ni Jumamosi asubuhi, chai iko mezani, umewasha kompyuta umalizie asaimenti ama uediti video ya wikendi iliyopita. Windows inakuambia nafasi imeisha. Unafungua 'This PC' na kuona mambo yalivyo: C imejaa pomoni, nyekundu kama taa ya breki. Hapo kando D imetulia, karibu tupu. Ni kama watu watatu kubanana kwa bedsita moja pale Kimbo, Ruiru, huku chumba cha jirani kikikaa na kufuli miezi sita bila mpangaji.

Swali linalofuata huwa ni lile lile: si nitoe tu nafasi kwa D niiongezee C?

Inawezekana. Programu ya kufanya hivyo tayari iko ndani ya Windows na hutalipa mtu yeyote. Lakini kazi hii ina mitego, na mimi niliingia kwenye ule mbaya zaidi. Kwa hivyo kaa hapa dakika kumi kabla hujabonyeza chochote.

Ukuta ulijengwa na nani?

Diski ni moja. Ukifungua kasha la kompyuta yako, pengine utapata kifaa kimoja tu cha kuhifadhi vitu. C na D ni vyumba vilivyotengwa kwa ukuta uliochorwa kwenye ramani. Ramani hiyo hukaa mwanzoni mwa diski, nayo husema: C inaanzia hapa inaishia pale, D inaanzia pale inaishia kule. Kila chumba huitwa patisheni.

Mbona tunaanza na C? A na B zilikuwa herufi za zile diski laini za kuchomeka na kuchomoa. Diski ya ndani ilipofika ikapewa herufi iliyofuata. Kompyuta ya IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuja na diski ya megabaiti 10. Leo hiyo ni nafasi ya picha mbili tatu za simu.

Mashine nyingi za mitumba ambazo vijana wa Thika na Ruiru hununua, zile tunaziita 'ex-UK', hufika zikiwa zimegawanywa tayari na muuzaji ama fundi. Wazo lake halikuwa baya: Windows ikiharibika, anafuta C na kuiweka upya bila kugusa faili zako zilizo D. Shida ni vipimo. Mtu aliamua kuwa gigabaiti 80 zinatosha C, halafu zilizobaki zote akazitupa D. Windows 11 yenyewe inataka diski ya angalau gigabaiti 64 ndipo ikubali kuingia. Ongeza apdeti za kila mwezi, programu za ofisi na gemu moja tu, na C inaanza kupumua kwa shida.

Na usishtuke ukijumlisha C na D za diski ya 500 ukapata 465. Hakuna aliyekuibia. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kwa elfu, nayo Windows huhesabu kwa 1,024. Diski ni ile ile, mizani ndiyo tofauti.

Usiku tokeni zilipoisha

Wakati huo nilikuwa naishi kwa ploti moja Kihunguro. Nilikuwa na kompyuta ya mezani, diski ya 500, C ya gigabaiti 80. Nikapata programu ya bure ya kusogeza patisheni, nikaipa amri: ipunguze D, isogeze mbele, ipanue C. Ikaniambia itachukua zaidi ya saa mbili. Nikaona sawa, nikatoka nje kupiga stori na majirani.

Ploti nzima tulikuwa tunatumia mita moja ya tokeni. Jirani akachomeka koili apashe maji ya kuoga. Hakuna aliyekuwa ameangalia salio. Giza.

Watu walicheka, kama kawaida, kila mmoja akimwambia mwenzake ni zamu yake kununua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikijua kuna kitu kimekatika katikati. Stima iliporudi, C iliwaka vizuri. D ilikuwepo kwa jina tu. Kila nikiibonyeza, Windows inaniomba ruhusa niifomati.

Ndani ya D kulikuwa na picha za shosho alipofikisha miaka 80, siku tuliyomfanyia karamu nyumbani Makongeni, Thika. Shosho alikuwa ameshafariki. Simu iliyopiga zile picha ilikuwa imeshaibiwa kwa matatu. Kwa hivyo D ndiyo ilikuwa albamu, na nakala ya pili haikuwepo popote.

Mum akanipigia wiki hiyo hiyo. "Zile picha za cucu ulisema utaniprintia, zimefika wapi?" Nilimwambia ninazishughulikia. Hilo halikuwa jibu, na yeye alijua.

Kwanza, lazima usogeze?

Somo la kwanza nililojifunza nikiwa nimechelewa: mara nyingi huhitaji kugusa ukuta. Hamisha vitu badala ya kuhamisha chumba.

Anza na folda ya Downloads. Kwa wengi wetu ndiyo jaa la taka la nyumba: video za WhatsApp Web, filamu, PDF za notisi za mwaka wa kwanza. Bonyeza folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia 'Properties', kisha 'Location', halafu uielekeze D. Windows itakuuliza kama ihamishe vilivyomo. Kubali. Kuanzia hapo kila unachopakua kinatua D. Fanya hivyo pia kwa Videos na Pictures.

Pili, ingia 'Settings', 'System', kisha 'Storage'. Hapo utaonyeshwa nini kinakula nafasi, na utaweza kufuta faili za muda na mabaki ya apdeti za zamani. Kama umetoka kubadilisha toleo la Windows, folda ya Windows.old peke yake inaweza kuwa na gigabaiti kumi na kitu.

Tatu, kuna faili iliyofichwa ya usingizi wa kompyuta, hiberfil.sys, ambayo huchukua gigabaiti kadhaa kutegemea ukubwa wa RAM yako. Kama hutumii 'Hibernate', fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off, bonyeza Enter. Nafasi inarudi papo hapo.

Ukimaliza haya na C bado ni nyekundu, sasa ndiyo tuongee kuhusu ukuta.

Mbona 'Extend Volume' haibonyezeki?

Huu ndio mtego unaowachanganya wengi. Unabonyeza kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi, unachagua 'Disk Management', unapunguza D kwa 'Shrink Volume' na kupata gigabaiti 100 zisizo na mwenyewe. Unarudi C kwa furaha, na 'Extend Volume' imefifia. Haibonyezeki.

Fikiria ploti ya vyumba vilivyopangwa kwa mstari. Chumba cha kwanza ni C, cha pili ni D. Ukimwambia jirani D akupe nafasi, Windows humkata upande wa nyuma, yaani ule ulio mbali na wewe. Nafasi imepatikana, ndiyo, lakini jirani mwenyewe bado amesimama katikati. C inaweza tu kupanuka hadi kwenye nafasi inayoigusa, upande wake wa kulia.

Wakati mwingine anayesimama katikati ni chumba kidogo kilichoandikwa 'Recovery Partition', ambacho Windows hutumia kujitibu ikigoma kuwaka. Usikifute kwa hasira.

Na ukiona Windows inakuambia itageuza diski yako kuwa 'dynamic', bonyeza 'No'. Mlango huo ni rahisi kuingia na mgumu kutoka.

Mambo matano kabla ya kuanza

Moja, nakala. Nakili kila kitu unachokipenda kwenye diski ya nje, ama kwenye kompyuta ya rafiki, ama mtandaoni ikiwa bando lako linaruhusu. Kisha fungua baadhi ya hizo faili ukiwa hapo hapo kwenye nakala uone kama zinafunguka. Nakala ambayo hujaijaribu ni matumaini tu. Na folda uliyohamisha kutoka C hadi D haihesabiki kama nakala. Diski ni ile ile.

Mbili, stima. Laptopu iwe na betri inayokaa na chaji, na ichomekwe. Kompyuta ya mezani bila UPS ni kamari. Angalia notisi za Kenya Power za kukatizwa kwa umeme uone kama mtaa wako umo. Angalia tokeni. Mwambie jirani wa koili.

Tatu, afya ya diski. Programu ya bure kama CrystalDiskInfo hukuonyesha hali yake. Ikisema 'Caution' ama 'Bad', sahau habari ya kusogeza ukuta. Toa vitu vyako na ununue diski nyingine. Ikiwa ni nzima, andika chkdsk C: /f kwenye Command Prompt na uiache ikague makosa kompyuta ikiwaka upya, halafu rudia kwa D.

Nne, kufuli ya BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa siri bila mwenye mali hata kugundua. Ingia 'Settings' uangalie kama 'Device encryption' ama BitLocker imewashwa. Ikiwa imewashwa, hakikisha una ule ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi hukaa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Bila huo, mashine ikiuliza utabaki unaiangalia tu.

Tano, zima kompyuta kabisa. Windows ina tabia ya kulala badala ya kuzima, kupitia kitu kinaitwa 'Fast Startup'. Kizime kwanza, hasa kama utatumia programu iliyo nje ya Windows.

Njia ya mkato na njia ndefu

Njia ambayo ningeitumia leo ni ya mkato, na inamtegemea mtu aliye na nakala kamili. Ukishahamisha kila kitu kutoka D, rudi 'Disk Management', bonyeza D kwa kulia, chagua 'Delete Volume'. Mahali pa D sasa patakuwa na mstari mweusi ulioandikwa 'Unallocated'. Kama ni wa kijani ulioandikwa 'Free space', mashine yako ina mgawanyo wa kizamani. Futa pia hicho chumba cha nje hadi kigeuke cheusi.

Bonyeza C, chagua 'Extend Volume', na uandike kiasi unachotaka kwa megabaiti. Gigabaiti 100 ni 102400. Nafasi inayobaki, ibonyeze kwa kulia, chagua 'New Simple Volume', uipe tena herufi D na muundo wa NTFS. Rudisha faili zako. Kazi ya ukuta yenyewe huisha kwa dakika chache. Kunakili ndiko kunakokula muda. Kama D ilikuwa na gemu ama programu, ziandike mahali kwanza, maana zingine utaziweka upya.

Njia ndefu ni ya kusogeza D yenyewe bila kuifuta. Hapo watu wengi hutumia GParted, programu ya bure iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004. Unaiweka kwenye flashi, na kumbuka flashi hiyo itafutwa yote, kisha unawasha kompyuta kwa flashi badala ya Windows. Unaipunguza D kutoka upande wa kushoto, unapanua C, unabonyeza 'Apply'.

Tofauti na ile ya kwanza ni hii: hapa kila faili ya D inabebwa kutoka mahali ilipo na kuwekwa kwingine. Gigabaiti 300 kwenye diski ya kuzunguka ni kazi ya saa nyingi. Kwa muda huo wote, nusu ya D iko nyumba ya zamani na nusu iko nyumba mpya. Stima ikipotea hapo, ramani inasema kitu kimoja na diski inasema kingine. Ndivyo picha za shosho zilivyopotelea.

Wanaotaka Linux

Kuna wengine wanaosogeza ukuta kwa sababu nyingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida mnamo Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, kwa mfano kile kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Wenye mashine kama hizo wengi wanaipa Linux chumba chake kando ya Windows. Ubuntu hupendekeza gigabaiti 25 kwenda juu.

Kwa hawa kazi ni nyepesi: punguza D kwa 'Shrink Volume' na uiache ile nafasi bila jina. Programu ya kuweka Linux itaipata yenyewe. Kama Windows inakuruhusu kupunguza kidogo tu ilhali kuna nafasi tele, ni kwa sababu kuna faili zilizokaa katikati zisizoweza kusogezwa, hasa kwenye C: ile ya usingizi, ile ya kumbukumbu ya ziada na nakala za 'System Restore'. Zizime kwa muda, washa upya, jaribu tena.

Na kama unadhani mambo haya ni ya watu wa IT peke yao, kumbuka Januari 9, 2024. Microsoft ilitoa apdeti ya usalama ya Windows 10, namba KB5034441, na kompyuta za watu wa kawaida duniani zikaanza kuikataa zikionyesha kosa 0x80070643. Sababu? Chumba cha 'Recovery' kilikuwa kidogo mno. Apdeti ilihitaji megabaiti 250 za ziada humo ndani. Suluhisho lililotolewa lilikuwa mwongozo wa kupunguza C na kukuza chumba hicho kwa kuandika amri moja moja. Mwanafunzi na muuza duka, wote waliambiwa wasogeze ukuta wenyewe.

Mambo yakiharibika

Ukijikuta pale nilipokuwa, kitu cha kwanza ni kuondoa mkono kwenye mausi. Usikubali kufomati. Usiweke programu mpya kwenye diski hiyo. Usinakili chochote humo. Faili zako huenda bado zipo, ila ramani ndiyo imechanika, na kila kitu kipya unachoandika kinaweza kukanyaga cha zamani.

Kuna programu mbili za bure zinazotembea pamoja. TestDisk hutafuta patisheni zilizopotea na kujaribu kurekebisha ramani. PhotoRec haishughuliki na ramani hata kidogo, inapekua diski kipande kwa kipande ikitafuta picha na hati. Ziendeshe kutoka diski nyingine, na unachookoa kihifadhi kwingine. Kwenye diski za kuzunguka una nafasi nzuri. Kwenye SSD, kilichofutwa mara nyingi husafishwa haraka na mashine yenyewe, kwa hivyo matumaini ni madogo.

Ukiamua kumpelekea fundi, iwe ni Thika mjini ama Ruiru, muulize maswali matatu kabla hujamwachia mashine: Utanakili vitu vyangu wapi kabla ya kuanza? Ninaweza kuviona? Stima ikipotea una UPS? Fundi mzuri hatakasirika. Akikujibu "usijali, hii ni dakika tano," beba mashine yako urudi nyumbani.

Mimi niliiacha PhotoRec ikipekua usiku kucha, safari hii tokeni nikiwa nimenunua mwenyewe. Asubuhi nilipata maelfu ya faili zisizo na majina ya awali, zimeitwa herufi f na msururu wa namba. Nyingi zilikuwa takataka za intaneti. Nyingine zilikuwa picha zilizokatika, juu uso wa mtu, chini rangi ya kijivu tupu. Nilizipitia moja moja kwa siku tatu.

Za shosho nilipata 11. Kwa moja amekalia kiti cha plastiki chini ya mparachichi, kikombe mkononi, anacheka na mtu ambaye hayuko kwenye picha. Niliiprinti hiyo, nikapanda matatu hadi Makongeni, nikampa mum. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza zingine ziko wapi.

Siku hizi hizo 11 ziko mahali patatu: kwa kompyuta yangu, kwa diski ya nje inayokaa kwa mum na mtandaoni. C yangu imejaa tena, juzi iliingia nyekundu. Kabla sijagusa kitu, nilipanda matatu kuifuata ile diski kwa mum.